Kikundi cha wafanyabiashara: faida kubwa haimo sandukuni

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara wa rejareja anaweza kusoma gazetini bei ya dola, bei ya petroli na bei ya gunia la mchele. Kuna bei moja ambayo hataisoma popote, nayo ni ile ambayo mwenzake wa mtaa wa pili anamlipa msambazaji kwa bidhaa ile ile. Bei hiyo inajulikana na watu wachache, na wanaoijua hawana sababu ya kuitangaza. Wenye biashara ndogo wengi hupoteza fedha hapo kila wiki bila kujua, na hapo ndipo kikundi kizuri cha wafanyabiashara kinapoonyesha thamani yake.

Nchini Tanzania neno kikundi likitajwa, wengi hufikiria fedha kwanza. Kuna upatu, ambao wengine huuita mchezo. Kuna vikoba. Kuna mkopo wa halmashauri. Hakuna ubaya katika kufikiria fedha, maana mtaji ndicho kilio cha kwanza cha mwenye biashara ndogo. Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika miaka ya karibuni, mmoja wao katika mji jirani wa Nairobi, unaonyesha kwamba faida kubwa ya wafanyabiashara kukutana inatokana na habari wanazopeana kuliko fedha wanazochanga.

Majaribio ya China

Ushahidi mzito zaidi unatoka Nanchang, mji mkuu wa jimbo la Jiangxi nchini China. Wachumi Jing Cai na Adam Szeidl walichukua makampuni madogo na ya kati 2,820 yaliyokuwa yamesajiliwa miaka michache iliyotangulia. Kwa njia ya bahati nasibu, baadhi yao waliwekwa katika vikundi vidogo ambavyo wakuu wake walikutana kila mwezi kwa mwaka mmoja. Wengine waliachwa waendelee na shughuli zao kama kawaida. Hakuna aliyepewa mtaji.

Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Makampuni yaliyokuwa katika vikundi yaliongeza mauzo kwa asilimia 8.1 kuliko yale ambayo hayakukutana. Faida nayo iliongezeka, kadhalika idadi ya washirika wa kibiashara na uwezo wa kukopa. Mwaka mmoja baada ya mikutano kumalizika, tofauti hiyo ilikuwa bado ipo.

Mambo mawili katika jaribio hilo yanamhusu moja kwa moja msomaji wa ukurasa huu. La kwanza, waliobahatika kupangwa na wenzao wenye makampuni bora walikua zaidi. Kwa hiyo kukaa na watu wengi hakutoshi. Inategemea ni watu gani. La pili, watafiti waliwapa baadhi ya wakuu taarifa yenye manufaa kwa biashara, kisha wakafuatilia kuona inafika wapi. Taarifa ilisambaa zaidi pale ambapo wanakikundi hawakuwa wakishindana kwa wateja wale wale. Mtu akikaa na mshindani wake hufunga mdomo.

Ipo tahadhari. Makampuni hayo yalikuwa yamesajiliwa rasmi, na mengi yana ukubwa usiolingana na genge la nyanya. Asilimia 8.1 haiwezi kuchukuliwa kutoka Nanchang na kupachikwa Tandika au Mwanjelwa. Ndiyo maana jaribio la pili lina uzito wake kwetu.

Dandora, Nairobi

Dandora ni mtaa wa watu wa kipato cha chini mashariki mwa Nairobi. Huko wachumi Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson walishughulika na wanawake wenye biashara ndogo kabisa. Kundi moja lilipewa mafunzo ya darasani kuhusu biashara. Kundi lingine halikupewa darasa; kila mmoja alikutanishwa na mwanamke mwenye biashara iliyofanikiwa katika eneo lile lile, wawe wanazungumza. Kundi la tatu liliachwa lilivyo.

Wale wa darasani hawakupata ongezeko la faida la kuonekana. Wale waliokutanishwa na wenyeji waliofanikiwa walipata faida iliyozidi kwa wastani wa asilimia 20. Watafiti walipochunguza sababu, walikuta kwamba wanawake hao walikuwa wamepata wasambazaji wa bei nafuu zaidi. Mwalimu wa darasani anajua kanuni za kutunza hesabu, lakini hajui ni stoo gani inauza unga kwa bei ya chini siku ya Jumanne. Mama wa mtaani aliyefanikiwa anajua.

Lakini faida ile ilipungua kadiri muda ulivyokwenda. Wengi waliacha kuonana na wale waliokuwa wakiwaelekeza, na walipoachana faida ikateremka. Habari za soko huchacha kama maziwa. Msambazaji wa bei nafuu wa Machi anaweza kuwa ghali Juni, na asiyekutana na wenzake atajua amechelewa. Hivyo mkutano wa mara moja, au semina ya siku tatu yenye chakula cha mchana, haiwezi kuchukua nafasi ya kikundi kinachokaa kila wiki au kila mwezi.

Hesabu ya ndoo ya mafuta

Tuchukue mfano. Tuseme muuza duka ananunua ndoo 15 za mafuta ya kula kwa wiki. Tuseme mwenzake katika kikundi anamweleza stoo ambayo ndoo ile ile ni pungufu kwa Sh 2,000. Anaokoa Sh 30,000 kwa wiki. Kwa wiki 52 za mwaka hiyo ni Sh 1,560,000.

Sasa ilinganishe na upatu. Watu kumi wanachanga Sh 50,000 kila wiki, na kila wiki mmoja wao anapokea Sh 500,000. Anayepokea wa kwanza amepata mkopo wa Sh 450,000 usio na riba, ambao anaulipa kwa wiki tisa zinazofuata. Anayepokea wa mwisho amewakopesha wenzake Sh 450,000 bila riba, na bei zikipanda katikati ya mzunguko fedha yake imepungua nguvu. Kwa kikundi kizima hakuna shilingi iliyoongezeka. Fedha ni zile zile, zimekusanywa tu ili ziwe fungu linaloweza kununua kitu.

Hilo si jambo dogo. Clifford Geertz, mtaalamu wa masuala ya jamii wa Marekani, aliandika juu ya michango ya aina hiyo mwaka 1962 na kuiona kuwa ngazi ya kati inayomvusha mtu kutoka uchumi wa kijadi kuingia uchumi wa kisasa. Kwa asiye na akaunti ya benki wala hati ya nyumba, upatu ni nidhamu ya kuweka akiba. Lakini fungu la upatu huja mara moja kwa mzunguko, wakati taarifa ya bei ya ndoo inalipa kila wiki, tena aliyeitoa hajapungukiwa na kitu.

Vikoba vinavyofanya kazi

Vikoba vimepiga hatua mbele ya upatu. Asili yake ni mpango ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ambao baadaye ulisambaa katika nchi nyingi za Afrika. Wanachama hununua hisa katika kila kikao. Fedha hukopeshwa wanachama wenyewe kwa riba wanayoipanga, na mara nyingi mkopo hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Mwisho wa mzunguko, ambao kwa kawaida hauzidi mwaka, sanduku huvunjwa na kila mtu huchukua akiba yake pamoja na gawio. Pembeni huwa kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa.

Uzuri wa utaratibu huo ni kwamba kila kitu hufanyika mbele ya macho ya wote. Fedha huhesabiwa kwa sauti, mkopo hutajwa kwa jina, faini ya kuchelewa hulipwa papo hapo. Riba inayolipwa hurudi kwa wanachama wenyewe, haiendi kwa wakopeshaji ambao wananchi wamewapachika jina la kausha damu.

Hata hapa mkutano wenyewe una thamani yake. Katika mji wa Kolkata nchini India, watafiti walilinganisha wakopaji wa vikundi waliokutana kila wiki na waliokutana kila mwezi. Walipofika kwenye mkopo wa pili, wale waliokuwa wamekutana kila wiki katika mkopo wa kwanza walikuwa na uwezekano mdogo wa kushindwa kulipa, mara tatu na nusu chini ya wenzao. Waliokutana mara nyingi walikuwa wamefahamiana, wakatembeleana, na waliofahamiana husaidiana siku mambo yanapokwama.

Kikundi kilichozaliwa na mkopo

Upande wa pili wa sarafu ni vikundi vilivyoundwa kwa sababu kuna fedha ya kugawa. Sheria ya Tanzania inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nia ni njema. Lakini taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionyesha mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa, na Aprili 2023 serikali ilisimamisha utoaji wa mikopo hiyo ili kutafuta utaratibu mpya. Ilirejeshwa mwaka 2024.

Somo kwa mfanyabiashara liko wazi. Watu watano waliokutana mara ya kwanza siku ya kujaza fomu hawana cha kuwaunganisha mkopo ukishagawanywa. Mmoja akihama mtaa, deni linabaki kwa wanne. Lakini waliokaa pamoja mwaka mzima wakibadilishana habari wanajua nani mkweli na nani mbabaishaji kabla hata fedha ya nje haijafika. Kikundi kitangulie, mkopo ufuate.

Moto mmoja, hasara ya wote

Julai 2021 moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam. Tukio kama hilo linafundisha jambo ambalo vikundi vingi havilifikirii. Tuseme kikundi cha watu 20 ambao wote wana vizimba katika soko moja. Mmoja akiugua, 19 watamchangia. Lakini soko likiungua, wote 20 wamepoteza mali usiku mmoja, na hakuna wa kumchangia mwenzake. Mfuko wa jamii unakuwa hauna maana siku ile ile unapohitajika zaidi.

Ni sawa na mwekezaji aliyeweka fedha zake zote katika hisa za kampuni moja. Wajumbe wa kikundi watawanywe katika maeneo na biashara tofauti, kama mtaji unavyotawanywa. Na sanduku la kikundi lisilale sokoni. Fedha ya ziada iende benki au kwenye akaunti ya simu yenye watia saini zaidi ya mmoja.

Nani akae na nani

Tukiunganisha mafunzo ya Nanchang na ya moto, jibu ni moja. Kikundi bora kwa mwenye biashara ndogo ni cha watu wanaokaribiana kwa ukubwa wa biashara lakini hawagombei mteja mmoja. Muuza duka la vyakula akae na mwenye mgahawa, fundi cherehani, muuza vipuri vya pikipiki, mwenye saluni na wakala wa fedha za simu. Hawa wana mambo mengi ya pamoja: mwenye fremu anayedai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, mashine ya risiti, leseni, mhasibu wa mkataba, kijana wa kuaminika wa kukaa kaunta. Hakuna anayemwogopa mwenzake.

Wauzaji wa bidhaa moja nao wana sababu ya kuungana, lakini kwa kazi nyingine. Wakinunua pamoja wanapata bei ya jumla. Wakiagiza kutoka Guangzhou wanaweza kuchangia kontena moja badala ya kila mtu kusubiri ajaze lake. Hapo wasaini makubaliano ya kazi hiyo tu, yenye kiasi cha kila mmoja, jina la wakala wa forodha na nani anabeba hasara mzigo ukichelewa. Wasitegemee kuambiana siri za bei. Hawataambiana.

Na awepo angalau mmoja aliyewatangulia. Aliyewahi kupewa mali kauli na akailipa, aliyewahi kukaguliwa na mamlaka ya kodi na akatoka salama, ana somo ambalo hakuna kitabu kinaliuza.

Maswali ya kikao

Vikundi vingi hufa kwa sababu kikao kinamalizika fedha zikishahesabiwa. Mwaka 1727, huko Philadelphia, mchapishaji kijana Benjamin Franklin alianzisha klabu ya mafundi na wafanyabiashara iliyokutana kila Ijumaa jioni. Walikuwa na orodha ya maswali ya kudumu. Miongoni mwake: nani katika mji huu amefilisika hivi karibuni, na imesikika ni kwa sababu gani? Nani anastawi, na kwa njia zipi? Baadaye Franklin alipobanwa na mdai wa mtambo wake wa uchapaji, wanachama wawili wa klabu hiyo walikwenda kwake, kila mmoja kwa wakati wake, wakajitolea kumkopesha.

Maswali hayo hayajazeeka. Kikundi cha leo kinaweza kuwa na matano ya kuulizwa kila kikao. Bei gani imebadilika tangu tulipokutana? Nani ana msambazaji mpya? Nani amepata hasara, na ilianzia wapi? Nani anadaiwa na anahitaji ushauri kabla hajaenda kwa kausha damu? Tangazo gani la halmashauri, mamlaka ya kodi au bandari limetoka? Nusu saa inatosha. Kinachosemwa ndani kibaki ndani, na anayekitoa nje alipe faini kama anayechelewesha mchango.

Sauti mbele ya wakubwa

Faida nyingine ni nguvu ya kuzungumza. Mwaka 1995 vikundi vya wenye biashara ndogondogo jijini Dar es Salaam viliunda jumuiya ya VIBINDO, ili wamachinga na mafundi wawe na mdomo mmoja mbele ya serikali ya jiji. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kulalamikia masuala ya kodi, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kukutana nao. Mwenye duka mmoja akifunga, anapoteza wateja. Wakifunga wote, anakuja waziri mkuu. Hata hivyo, jumuiya kubwa haichukui nafasi ya kikundi kidogo. Ya kwanza inapigania kanuni, cha pili kinakuambia mahali pa kununua ndoo ya mafuta.

Kabla ya kutoa shilingi ya kwanza

Mwaka 2009 serikali ilisimamisha shughuli za DECI, mpango wa kupanda na kuvuna fedha uliokuwa umekusanya watu wengi kwa ahadi ya faida nono. Waliochelewa kuingia walibaki na risiti. Tofauti yake na kikundi cha kweli ni rahisi kuiona. Katika kikundi cha kweli unawajua wote kwa sura na biashara zao, na unajua shilingi ya gawio imetoka kwa nani. Ukiambiwa faida itatoka kwa watakaojiunga kesho, chukua kofia yako.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi vya kijamii vinavyoweka na kukopeshana fedha katika daraja la nne, na usajili wake hufanyika kupitia halmashauri. Mwenye nia ya kujiunga na aombe kuona cheti, katiba na daftari la hesabu. Aulize kikao cha mwisho kilikuwa lini na waliohudhuria walikuwa wangapi. Aulize mkopo uliochelewa zaidi umechelewa kwa muda gani. Kiongozi anayekasirika kwa maswali hayo ameshajibu.

Kisha ahudhurie vikao viwili kama msikilizaji kabla ya kuchanga. Akitoka humo hajasikia bei hata moja, wala jina la msambazaji, wala habari ya aliyekosea na jinsi alivyokosea, basi hicho ni kibubu cha pamoja. Kibubu kina kazi yake, lakini asikihesabu kama msaada kwa biashara yake. Akitoka na jambo moja la kujaribu dukani Jumatatu asubuhi, achange, na kikao kijacho aende na lake la kuwaambia wenzake.